Sarafu ya Zamani Usiioshe kwa Ndimu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Chwaka alinijia dukani na karatasi ya daftari mkononi, imekunjwa mara nne. "Shikamoo mzee. Hii ya bibi, nimeisafisha vizuri ndiyo nikakuletea." Ndani mlikuwa na pesa ya Barghash, Sultani wa Zanzibar, ile ya shaba, inang'aa kama sufuria mpya. Mchoro wa mizani ulionekana bado, na mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1881 kuingia 1882. Nikaigeuza. Jina la Sultani lilikuwa kivuli tu. Ndimu na majivu vimeshalila.

Shaba iliyokaa miaka mia hujivika ngozi ya kahawia au ya kijani iliyokoza. Ngozi hiyo si uchafu. Ni shaba yenyewe iliyogeuka kwa hewa na unyevu, ikawa ngumu, ikaikinga ile ya chini. Ndimu huiyeyusha, na majivu yakakwangua kingo za herufi. Hakuna fundi wa kuzirudisha. Unga wa kijani kibichi unaopukutika ukiugusa ni jambo jingine: hayo ni maradhi, yanaletwa na chumvi, na visiwani kwetu chumvi haikosi. Sarafu ya namna hiyo itenge na wenzake, iweke pakavu, kisha muulize mjuzi.

Bei ya sarafu iliyosuguliwa huanguka, lakini mimi kinachoniuma zaidi ni maandishi. Mwaka 1984, pale Mtambwe Mkuu, Pemba, ng'ambo ya Wete, zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu zilizotoka ng'ambo. Zile za fedha ni ndogo mno, kama ukucha wa kidole cha mwisho, na zina majina ya watawala wa pwani hii. Hazikuandikwa mwaka. Dinari ndizo zenye mwaka, na kwa hizo tukajua kwamba hazina ile ni ya karne ya 11. Lau mtu angeziokota dinari akazipeleka kwa sonara, zile za fedha zingebaki bila umri.

Na maandishi ya zile za fedha yana vina! Upande mmoja jina la mtawala, upande wa pili sifa ya Mungu, na mwisho wa pande zote mbili sauti ni moja. Sarafu za shaba za Kilwa, ambazo huokotwa hata huku kwetu, zina mtindo huo huo: Ali bin al-Hasan, geuza, yathiqu bi-maula al-minan, anamtegemea Mola mwenye fadhila. Lugha ni Kiarabu, lakini kwa mtu aliyelelewa na mashairi, sikio linaitambua mara moja. Beti nzima imekaa juu ya kitu kisichojaa ncha ya kidole. Sasa hebu fikiria kuisugua kwa majivu.

Kwa hiyo ukipata sarafu, ishike kwa ukingo, itie kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki laini, maana baadhi ya plastiki hizo hutoa asidi. Ikiwa umeiokota shambani au kwenye magofu, usiendelee kuchimba. Wapelekee habari watu wa Makumbusho na Mambo ya Kale, uwaonyeshe mahali penyewe.

Yule kijana alinyamaza, kisha akauliza kama kuna lolote lililobaki la kufanya. Nikamwambia lipo, tumpigie bibi. Bibi akatueleza kwa kirefu: aliipata kwa mama yake, ambaye akiifunga kwenye pembe ya kanga, naye alipewa siku ya arusi yake, Makunduchi. Nikachukua penseli, nikayaandika yote hayo juu ya bahasha.