Toleo la 1 linauza, sawa. Linamuuzia nani?

Kila mfululizo wa komiki ukirudishwa namba 1, naletewa grafu ileile: mauzo yamepaa, kwa hiyo kuanza upya kunalipa. Jamani, hizo ni oda za maduka. Wasomaji hawamo humo.

Katika soko la Marekani, maduka maalumu ya komiki huagiza kwa punguzo, na kwa kawaida kisichouzwa hakirudishwi. Kikishatoka ghalani kwa msambazaji, kimehesabiwa; kikidoda, shauri ya mwenye duka. X-Men (komiki ya mashujaa) namba 1 ya 1991 ilipita nakala milioni 8, toleo moja kwa majalada matano. Atakayeniambia hao walikuwa wasomaji milioni 8, nitacheka. Siku hizi wachapishaji wana ujanja mwingine: agiza nakala 25 za kawaida upate moja ya jalada adimu. Mwenye duka akiona hiyo moja italipia nyingi za zile 25, anaagiza, hata kama wateja wake ni kumi.

Kinachonikera zaidi ni toleo la 2. Likishuka, utasikia "wasomaji wamelikataa." Wamelikataa saa ngapi? Maduka hufunga oda wiki tatu hivi, wakati mwingine zaidi, kabla ya toleo kuingia sokoni. Mfululizo ukitoka kila mwezi, oda za la 2 zinafungwa wiki moja tu baada ya la 1 kutoka, au mapema zaidi. Ukitoka kila wiki mbili, zinafungwa kabla hata la 1 halijaonekana. Anguko hilo mwenye duka alilipanga mwenyewe. Sauti ya msomaji naanza kuisikia kwenye la 5 au la 6, na silinganishi na toleo la mwisho la mfululizo wa zamani, maana maduka yakisikia unafungwa hupunguza oda. Narudi nyuma mwaka mzima. Hapo faida nyingi huyeyuka.

Na namba kubwa nayo inauza! Kampuni ya DC ilitoa mifululizo 52 kwa namba 1 mwaka 2011, ikiwemo Action Comics iliyokuwepo tangu 1938. Mwaka 2016 ikairudisha kwenye namba 957, na 2018 toleo la 1000 likawa sherehe.

Sasa shida yangu. X-Men ya Jonathan Hickman, iliyoanza upya na namba 1 mwaka 2019, iliamka kwelikweli, lakini mwandishi alikuwa mpya kwenye mfululizo huo, hadithi mpya, matangazo tele. Namba ilichangia nini? Sijui namna ya kuitenganisha. Jaribio safi lingehitaji timu ileile na hadithi ileile. The Unbeatable Squirrel Girl ilikaribia: mwaka 2015 ilitoa namba 1 mara mbili, mwandishi na mchoraji walewale, na jalada la pili likajitania kwa hilo. Ila komiki hiyo ilipendwa sana kwenye vitabu vya mkusanyo, na grafu ya oda za kila mwezi haivioni vitabu hivyo.