Maji ya bwawa yakigoma dawa, punguza maji. Ukivuta gesi ya klorini, kimbilia kituo

Kituo chetu cha afya kiko ukanda wa pwani, kwenye mtaa wa hoteli ndogo na nyumba za kupangisha wageni, na nyingi zina bwawa la kuogelea. Kila msimu wa wageni ukikaribia napokea vijana wanaotunza mabwawa hayo. Wanakuja wakikohoa, macho mekundu, kifua kimebana. Ukiwauliza, habari ni ile ile: maji yaligoma dawa, wakaongeza dawa, wakachanganya na nyingine, gesi ikawapiga, wakaenda nyumbani kunywa maziwa. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa na wao, na waajiri wao, na wazazi wa watoto wanaoogelea humo.

Maji kugoma dawa maana yake nini?

Unaweka klorini jioni, asubuhi maji bado yana ukungu au yameanza ukijani. Mara nyingi sababu ni asidi ya sianuriki, ambayo wengi mnaiita stebilaiza. Kazi yake ni kuikinga klorini isiliwe na jua. Ikiwa kidogo inasaidia. Ikizidi, inaishikilia klorini kiasi kwamba inachelewa sana kuua vijidudu, hata kama kipimo kinaonyesha klorini ipo tele. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 100 kwa lita.

Imetoka wapi, na mimi sijawahi kununua stebilaiza?

Imo ndani ya vile vidonge vyeupe vikubwa vya trikloro mnavyovitupia kwenye kikapu kila wiki. Zaidi ya nusu ya uzito wa kidonge ni hiyo stebilaiza. Klorini inatumika na kwisha, stebilaiza inabaki. Haikaushwi na jua, wala chujio haliikamati. Bwawa la mita 10 kwa 5 lenye kina cha wastani cha mita moja na nusu lina lita 75,000. Ukimaliza humo kilo 10 za vidonge, umepandisha stebilaiza kwa miligramu 70 na ushee kwa kila lita. Piga hesabu ya mwaka mzima.

Basi niongeze klorini nyingi zaidi ili iishinde?

Hapana. Hapa ndipo wengi wanapoanza safari ya kuja kwangu. Ukiongeza vidonge vile vile, unaongeza na kile kinachokusumbua. Dawa ya maji yaliyofika hapo ni maji: toa sehemu ya yaliyomo, weka masafi. Hali ni hiyo hiyo chumvi ikizidi, au chokaa inapoganda kwenye vigae.

Nipunguze kiasi gani?

Pima kwanza. Kipimo cha stebilaiza ni kijibomba chenye nukta nyeusi chini. Unachanganya maji ya bwawa na dawa ya kipimo, yanakuwa meupe kama tui, unayamimina polepole huku ukitazama kwa juu. Nukta ikipotea, unasoma alama. Ikipotea mapema, stebilaiza ni nyingi. Vijibomba vingi vinaishia 100, kwa hiyo usomaji wa 100 unaweza kuwa 100 au 250. Nimemkuta kijana aliyeandika 100 kwenye daftari miezi mitatu mfululizo, akiamini yuko mpakani, kumbe kipimo ndicho kilichokuwa kimefika mwisho. Ukiona hivyo, changanya maji ya bwawa na ya bomba nusu kwa nusu, pima tena, zidisha jibu kwa mbili.

Sasa hesabu. Ukiwa na 150, ukatoa theluthi moja na kujaza maji safi, unabaki na 100. Ukitoa theluthi ya pili baada ya kujaza, unafika 67 hivi. Ya tatu, 44. Angalia kwamba theluthi mbili kwa awamu si sawa na theluthi mbili kwa mkupuo, kwa sababu mara ya pili unamwaga na sehemu ya maji mapya.

Maji ya boza ni ghali. Mwenye nyumba hataki.

Najua bei. Theluthi ya bwawa hilo ni lita 25,000, yaani maboza mawili na nusu ya lita 10,000. Lakini mwenye nyumba huyo huyo analipia ndoo baada ya ndoo ya dawa isiyofanya kazi, na anayeinama juu ya ndoo hizo ni wewe. Nawaomba wenye nyumba, kwa heshima: nunueni maji. Na mkijaza kwa maji ya kisima, yapimeni kabla. Visima vingi vya pwani vina chumvi na chokaa. Usije ukatoa maji mabaya ukaingiza mabaya mengine.

Si bora nilimwage lote nianze upya?

Hapana, hasa pwani na hasa wakati wa masika. Ardhi ikiwa imelowa, maji ya chini yanalisukuma bwawa kutoka nje, na uzito wa maji ya ndani ndio unaolizuia. Ukilikausha lote linaweza kunyanyuka na kupasuka. Nenda theluthi kwa theluthi. Zima pampu ya chujio kabla maji hayajashuka chini ya mdomo wa kuingizia, la sivyo itavuta hewa na kuungua. Ukitumia pampu ya kuzamisha, chomoa umeme kabla ya kutia mkono au mguu majini. Na maji unayoyatoa yaache siku kadhaa bila dawa mpaka kipimo cha klorini kishuke, ndipo uyamwage pasipo na shamba la mtu wala kisima.

Wakati maji yamepungua, watu waendelee kuogelea?

Hapana. Funga bwawa kwa kamba, weka mtu. Mgeni aliyepiga mbizi jana kwenye kina cha mita mbili atapiga mbizi leo bila kuangalia, na kichwa kikigonga sakafu shingo inavunjika. Aliyevunjika shingo anaweza asitembee tena. Watoto nao wanateleza kwenye kuta zilizobaki wazi, zina ute. Na usiache maji nusu, ya kijani, wiki nzima ukisubiri boza: mbu watazaliana humo. Dar es Salaam ilishapata milipuko ya dengi, 2014 na tena 2019. Hatuhitaji kuwafugia mbu.

Mtoto wangu hutoka bwawani macho mekundu. Ni klorini nyingi?

Mara nyingi ni kinyume chake. Klorini ikikutana na jasho na mkojo inageuka kuwa kitu kingine kinachochoma macho na kutoa ile harufu kali mnayoiita harufu ya usafi. Bwawa safi halinuki hivyo. pH nayo, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ikitoka nje ya 7.2 hadi 7.8 huwasha macho. Mtoto aoge kabla ya kuingia, aende chooni kabla ya kuingia, na mwenye kuharisha asiingie kabisa. Sikio likiuma ukiligusa baada ya siku za kuogelea, mlete. Usimtie mafuta ya taa wala mafuta ya kupikia.

Naweza kuweka asidi na klorini pamoja ili nimalize kazi mapema?

Kamwe. Asidi ya kushushia pH ikigusana na klorini ya aina yoyote inatoa gesi ya klorini. Hii ndiyo gesi iliyotumika kama silaha vitani kule Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Ni nzito kuliko hewa mara mbili na nusu hivi, inatuama chini, na vyumba vingi vya pampu nilivyoviona ni mashimo yenye ngazi na mfuniko. Ukichanganya humo, unajaza shimo ulilosimama ndani yake.

Hata kopo la kupimia lisitumike kwa zote mbili. Hata klorini na klorini zisichanganywe: vidonge vya trikloro vikikutana na ile ya unga ya kalsiamu kwenye chombo kimoja, vinaweza kuwaka au kulipuka. Dawa moja, ndoo yake. Weka maji kwenye ndoo kwanza, kisha dawa juu yake, wala usimwagie maji juu ya dawa kavu. Acha maji yazunguke saa kadhaa kabla ya dawa nyingine.

Nimeshavuta. Nifanye nini?

Toka. Acha ndoo, acha simu, panda juu kwenye hewa safi, simama upande upepo unakotokea. Vua nguo zilizorukiwa. Macho yasafishe kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 kamili, si kunawa mara mbili. Ngozi ioshe. Kisha nenda kituo cha afya, ukiwa umekaa, kwa gari au bajaji. Usitembee kwa miguu wala usirudi kumalizia kazi, maana kujichosha kunazidisha madhara kwenye mapafu. Na mwenzako akianguka shimoni, usimfuate kichwa kichwa. Mkiwa wawili chini hakuna wa kuwaokoa. Ita zima moto na watu, fungua mifuniko.

Ninywe maziwa?

Hapana.

Gesi imeingia kwenye mapafu. Maziwa yanakwenda tumboni. Hayakutani popote.

Hata kidogo, huku natafuta usafiri?

Hata kidogo. Mtu anayekohoa na kuhema akinywa maziwa anaweza kutapika, na matapishi yakaingia kwenye mapafu ambayo tayari yameungua. Nitasema tena kwa kuwa nimelisema miaka mingi na bado naletewa watu wenye pakiti mkononi: maziwa hayaondoi gesi ya klorini. Si maziwa ya ng'ombe, si ya unga, si ya mtindi. Wala sukari, wala limau, wala kujifukiza.

Lakini jirani yangu alikunywa maziwa akapona.

Alivuta kidogo. Angekunywa maji au asingekunywa kitu, angepona vile vile. Wewe hujui umevuta kiasi gani.

Jambo ninalotaka lieleweke kuliko yote ni hili. Ubaya wa maziwa si maziwa tu, ni zile saa unazozipoteza ukisubiri yafanye kazi. Gesi hii inaweza kukuacha ukajisikia nafuu, kisha saa kadhaa baadaye mapafu yakaanza kujaa maji. Kijana mmoja alichanganya dawa zake saa tano asubuhi. Akakohoa, akapumzika kivulini, akanunua maziwa, akalala. Aliletwa saa tatu usiku. Alikuwa amekaa ameinama mbele, mikono juu ya magoti, hawezi kumaliza sentensi, midomo imeanza kuwa ya kijivu. Fulana aliyovaa ilikuwa ile ile ya asubuhi. Muuguzi alipoinama kumvua, naye akaanza kukohoa. Tulimwekea oksijeni na dawa ya kupanua njia za hewa, tukamkimbiza hospitali ya rufaa. Alipona. Saa kumi alizokaa nyumbani hazikumsaidia kwa lolote, na zingeweza kumuua.

Kifua kimetulia baada ya saa moja. Bado nije?

Njoo. Kutulia si kupona. Tutakupima oksijeni, tutasikiliza mapafu, na huenda tukakaa nawe saa kadhaa tukiangalia. Tukikuruhusu, utakwenda na maelekezo ya lini urudi. Mwenye pumu, mjamzito, mtoto na mzee wasisubiri hata hiyo saa moja. Na yeyote anayetoa mlio wa filimbi akihema, anayekohoa makohozi yenye povu, au anayeshindwa kuongea sentensi nzima, huyo ni dharura ya dakika hii.

Nikija hospitali bosi atajua nimekosea, atanifukuza.

Wengi wanaochelewa wananiambia hivi, na inaniuma. Kuumizwa na gesi ukiwa kazini ni ajali ya kazini. Kwa Tanzania bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mwajiri ndiye anayeuchangia kwa ajili ya mambo kama haya. Mwambie msimamizi, iandikwe, faili lako lionyeshe tarehe na saa. Na waajiri: kijana uliyempa asidi na klorini bila glovu, bila miwani, bila mtu wa kumfundisha, kisha ukamkatalia boza la maji, usimuulize kwa nini amekuja kwetu.

Hakuna dawa ya kuiondoa gesi hiyo mwilini. Tulichonacho ni oksijeni, dawa za kupanua njia za hewa, na macho ya kukuangalia, na vyote hivyo vinafaa zaidi ukivifikia mapema.

Nije na nini?

Njoo na mtu anayejua ulichochanganya. Usibebe ndoo yenyewe wala usiifunge kwenye mfuko. Piga picha ya lebo za makopo yote mawili, au mtu mwingine akupigie akiwa nje kwenye upepo. Utuambie ilikuwa saa ngapi, ulikuwa ndani ya chumba au nje, na ulikaa humo muda gani. Kama ulishakunywa maziwa, sema tu. Hatutakugombeza, tunahitaji kujua kilichomo tumboni kabla hatujakuwekea mpira wa kupumulia.