Taima za kerneli: yanayosemwa barazani Amu, na yaliyo kweli

Stima ikipotea mtaani Langoni na ruta ikazimika, kila mtu hugeuka fundi. Lawama huangukia laini, simu, hata mvua. Kerneli, ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi inayotuma na kupokea pakiti (vipande vya data), huzungumzwa kidogo, na kwa makosa mengi, hasa taima zake, yaani saa za ndani zinazohesabu muda na kulia ukitimia. Ya kwenye alama za nukuu ni ya barazani, majibu ni yangu.

"Pakiti isipojibiwa, kerneli husubiri muda uliopangwa kisha huituma tena."

Hakuna muda mmoja uliopangwa. TCP, utaratibu ambao kerneli huufuata kuhakikisha data imefika, hupima jibu huchukua muda gani kurudi, huweka wastani wake, na (hapa ndipo penye akili) huweka pia kiasi cha kuyumba kwa vipimo hivyo. Muda wa kusubiri ni wastani, ukijumlisha kuyumba mara nne. Anayengoja mzigo kutoka Mokowe anaijua hesabu hii bila kufundishwa: bahari ikiwa shwari, boti ikikawia kidogo tu ashaanza kupiga simu, kusi ikivuma, kukawia kule kule hakumshtui.

Msingi wa kanuni hiyo mtafiti wa mitandao Van Jacobson aliuchapisha 1988, na ilizaliwa na balaa. Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, masafa yasiyofika mita 400, kasi ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Pakiti nyingi zilikuwa zimekwama kwenye foleni tu, na kompyuta zikazidi kutuma nakala zake.

"Basi ingetuma upya haraka haraka, mtandao ungekuwa mwepesi."

Ndilo kosa la 1986 hilo. Kila jaribio lisipojibiwa, kerneli huzidisha kusubiri mara mbili. Kwenye mfumo endeshi wa Linux muda huo kwa kawaida haushuki chini ya milisekunde 200, kwa hiyo huenda 200, 400, 800, mpaka ufikie dakika mbili. Kwa mpangilio wa kawaida hujaribu tena mara 15, na takriban robo saa hupita kabla haijakata tamaa. Programu inayokuambia mapema kwamba imeshindwa ina subira yake yenyewe, usiitwike kerneli.

Kuna na ujanja wa mhandisi Phil Karn: jibu la pakiti iliyotumwa mara mbili halitumiki kupima muda, maana haijulikani limejibu ya kwanza au ya pili.

"Pakiti iliyopotea hugunduliwa na taima."

Mara nyingi sivyo. Pakiti za nyuma zikifika na ya mbele haipo, mpokeaji hurudia jibu lile lile. Kwa kanuni ya zamani, marudio matatu yanatosha mtumaji kutuma upya bila kungoja taima. Taima ni ya pale ambapo hata majibu hayaji.

"Taima ya kerneli hulia wakati ule ule uliowekwa."

Haitangulii, lakini huchelewa, tena kwa makusudi. Tangu Linux 4.8 ya 2016, kazi iliyoongozwa na Thomas Gleixner, mmoja wa waandishi wa kerneli hiyo, taima za kawaida hupangwa kwenye gurudumu (jedwali la zamu) lenye ngazi: ya karibu hupewa nafasi finyu ya muda, ya mbali nafasi pana. Mapigo ya saa ya kerneli yakiwa 250 kwa sekunde, taima ya dakika moja inaweza kuchelewa hadi kama sekunde mbili. Wengine huona ni uzembe. Mimi naona ni uhodari, kwa kuwa taima za mtandao karibu zote hufutwa au kusogezwa mbele kabla hazijalia. Ya nini kuzipanga kwa usahihi wa mshale wa saa? Panapohitajika usahihi, kama kwenye sauti, zipo taima nyingine, zilizoingia na toleo la 2.6.16 mwaka 2006.

"Muunganisho ukikaa kimya, kerneli huuchungulia kila mara."

Haichungulii kabisa, isipokuwa programu iombe, na ikiombwa, kwa kawaida hungoja muda wa saa mbili ndipo itume pakiti ya kwanza ya kuuliza hali. Kwa hiyo ruta ya kati ikizimwa na kuwashwa, muunganisho wa kimya unaweza kuendelea kama kawaida, maadamu anwani hazikubadilika na hakuna kifaa cha njiani, kinachoweka kumbukumbu ya miunganisho, kilichousahau. Kwenye mitandao ya simu vifaa hivyo husahau upesi, kabla ya muda huo wa saa mbili kutimia. Anayeshughulikia seva ya mbali akiwa Shela kwa intaneti ya simu, na aiagize programu yake itume kijiujumbe kila dakika.