Moshi wa Juni, maji ya korongo: maswali yenu ya afya wakati wa ukame Dodoma

Mbukwenyi, kama tunavyosalimiana Kigogo. Mvua zikikatika mapema, maswali ya watu zahanati nayo hubadilika. Malaria inapungua kwenye mazungumzo, vinakuja kifua, macho, tumbo la kuhara na malengelenge ya moto. Nimechukua yale yaliyojirudia mno mwaka huu nikayajibu hapa kama ninavyoyajibu nikiwa nimekaa na mtu kwenye benchi.

Daktari, moto kichaa si wa Septemba na Oktoba? Mbona safari hii moshi tunauona na Juni haijaisha? (Msomaji, Kondoa)

Mimi ni tabibu tu, ila naitika. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Kwa mwaka tunapata kama milimita 550 hadi 600, na hizo nazo hazina adabu: zinashuka kubwa mbili tatu, kisha jua wiki tatu mfululizo, uwele unasinyaa ukiwa bado magotini. Zikikatika Machi, nyasi zinakuwa zimekauka mwezi mzima kabla ya kawaida yake. Moto unataka nyasi kavu, upepo na mtu mwenye kiberiti. Vyote vitatu vikiwepo Juni, utawaka Juni.

Kuna jambo watu wanalisahau. Kwenye ukame mkali, tambarare za Bahi na Chamwino huwa hazina hata cha kuungua, ng'ombe wameshamaliza. Huko shida ni vumbi. Wenye hofu ya moto ni ninyi wa Kondoa na wenzenu wa milima ya Mpwapwa, ambako majani makavu yamerundikana chini ya miti na mifugo haifiki kila mahali.

Mjukuu wangu ana miaka mitatu na kifua kinamsumbua. Majirani wanachoma mashamba, moshi unatuingia mpaka ndani. Nimfanyeje? (Bibi, Mpwapwa)

Shikamoo bibi. Tuanze na mtoto, moshi tutaufikia, maana neno "kifua" linabeba mengi. Mvue shati akiwa ametulia, si akiwa analia wala ametoka kukimbia. Tazama tumbo linavyopanda na kushuka, uhesabu dakika moja kamili kwa saa ya simu. Mtoto wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha pumzi 40 au zaidi kwa dakika, anapumua kwa kasi isiyo ya kawaida, na anatakiwa aonwe kituoni. Kwa wa miezi 2 hadi 11 hesabu ni 50, na kichanga wa chini ya miezi 2 ni 60. Ukiona sehemu ya chini ya mbavu inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, au anashindwa kunywa, au midomo inageuka rangi, acha kuhesabu. Mpeleke usiku huohuo.

Sasa moshi. Kinachoumiza si ule weusi unaouona ukutani. Ni chembe ndogo mno, kiasi kwamba ukizipanga kama 30 ndipo zinafikia unene wa unywele mmoja. Pua haizizuii, zinashuka hadi chini kabisa ya mapafu, na nyingine zinapenya kwenye damu. Ndiyo maana moshi unamsumbua mwenye pumu, lakini pia mzee mwenye presha au moyo, na mjamzito.

Nyumba za asili za Ugogo ni za tembe, paa bapa la udongo na kidirisha cha kuchungulia tu. Ukikifunga ili moshi wa shamba usiingie, huku mafiga yanawaka humohumo, umemfungia mtoto na moshi mbaya kuliko ule wa nje. Kwa hiyo siku za moshi pikia nje, upande ambao upepo unaupeleka moshi mbali na mlango. Chagua chumba kimoja kisicho na moto wa aina yoyote, ziba nyufa kwa vitambaa, mtoto ashinde humo. Moshi wa nje ukipungua, fungua kila kitu hewa ipite.

Juni na Julai usiku una baridi kali huku, na hapa bibi nakuomba sana: usiingize jiko la mkaa chumbani mkiwa mmefunga mlango. Mkaa ukiwaka hutoa hewa ya kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na watu hulala wasiamke. Nyumba nzima ikiamka na kichwa kinauma na kichefuchefu, tokeni nje kwanza, sababu mtaiulizia mkiwa nje.

Kama kuna mtoto mkubwa kidogo nyumbani mwenye pumu na ameandikiwa inhela (kile kichupa cha dawa ya kupuliza na kuvuta mdomoni), dawa nyingi huishia ulimini. Chukua chupa ya maji ya nusu lita iliyooshwa ikakauka. Toboa kitako chake kwa umbo la mdomo wa inhela, uibane humo kwa utepe wa gundi pasivuje. Tikisa, bonyeza mara moja, mtoto abane mdomo wa chupa na avute na kutoa pumzi taratibu mara tano. Kisha rudia kama ulivyoelekezwa. Huyu wako wa miaka mitatu hawezi kubana vizuri, anahitaji kifaa chenye kifuniko cha uso. Kiulizie kituoni.

Ni kweli maziwa yanatoa moshi kifuani? Mafundi wa kuchomelea wanakunywa kila jioni.

Hapana. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi uko kwenye mapafu, hawakutani popote. Kunywa kwa sababu ni chakula. Na kanga iliyoloweshwa uliyofunga puani inazuia majivu na vumbi, basi. Zile chembe ndogo zinapita. Barakoa inayosaidia ni aina ya N95, ikibana uso pande zote. Ndevu ndefu zinaiharibu kazi.

Nimehamia Dodoma kikazi kutoka Dar es Salaam. Tangu Mei natokwa damu puani, hasa asubuhi. Ni presha?

Karibu makao makuu. Mara nyingi ni ukavu wa hewa tu: umetoka kwenye joto la unyevu la pwani ukaja kwenye upepo mkavu na vumbi, utando wa ndani ya pua unapasuka kama midomo inavyopasuka. Ikitoka, kaa wima, inamia mbele (usiinue kichwa juu, utaimeza), bana sehemu laini ya pua kwa vidole viwili dakika 10 hadi 15 bila kuchungulia kila mara. Usiku paka mafuta mepesi ya mgando mlangoni mwa pua. Isipokoma baada ya kubana mara mbili, au unatumia dawa za kufanya damu isigande, nenda kituo cha afya. Presha pima tu, haina gharama kubwa na hujui.

Bomba la kijiji limekauka, tunachota korongoni. Tunachimba mchanga hadi maji yanatokea, yanaonekana safi kabisa. Kuni za kuchemshia nazo ni shida. Tunywe hivyohivyo? (Mama, Chamwino)

Hapana, mama. Nayajua maji hayo: unafukua shimo, unasubiri yajikusanye, unayachota kwa kata pole pole yasitibuke, na kweli yanang'aa. Mchanga umechuja tope. Haujachuja vijidudu vya kuhara, na ukigeuka nyuma utaona punda na mbuzi wamesimama hatua kumi wanasubiri zamu yao.

Kuchemsha hadi yatokote ni njia nzuri, ila nakubali hoja ya kuni, na sitaki umalize miti ya mlimani kwa ajili ya ndoo moja. Tumia kitu ambacho Dodoma hatukikosi, jua. Chukua chupa za plastiki zisizo na rangi, zisizozidi lita 2, zilizooshwa na kutolewa karatasi. Jaza, funga, zilaze juu ya bati kuanzia asubuhi, zipate saa 6 za jua kali. Siku ya mawingu mazito ziache siku mbili. Sharti ni maji yawe maangavu: simamisha chupa juu ya gazeti, chungulia kwa juu kupitia mdomoni, na kama kichwa cha habari hakisomeki, chuja kwanza kwa kitambaa au yaache yatulie. Njia nyingine ni dawa ya klorini ya dukani: fuata kipimo cha kwenye pakiti, subiri dakika 30.

Chumvi ni habari nyingine. Visima vingi vya huku vina maji ya chumvi, na hakuna kuchemsha, jua wala klorini inayoiondoa.

Maji mliyotibu yawekeni kwenye chombo chenye mfuniko na koki. Kata ikizamishwa na kila mkono, kazi yote imepotea. Na mtoto akianza kuhara msisubiri: kama hamna pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), changanya lita 1 ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa, si vya mlima. Onja, ikizidi machozi kwa chumvi, mwaga uanze upya. Mpe kidogo kidogo, mkitafuta ORS na vidonge vya zinki kituoni. Macho yakidumbukia, au kinyesi kikiwa kama maji ya mchele, ni safari ya haraka.

Jambo la kukumbuka Desemba: pale ambapo mlima umeungua, mvua ya kwanza huteremsha majivu na udongo hadi kwenye lambo. Maji hayo yaacheni yapite.

Watoto wote macho mekundu, yana tongo. Ni vumbi au moshi? (Kongwa)

Yawezekana ni vyote, lakini kwa Kongwa sianzi na vumbi. Wilaya yenu imejulikana kwa miongo mingi kwenye utafiti wa trakoma, vikope kama mnavyoviita. Ni ugonjwa wa kuambukizwa, unahamishwa na vidole, mitandio na nzi wanaotua kwenye tongo. Ukirudia miaka mingi, kope hugeukia ndani na kukwangua jicho hadi mtu apofuke. Mama nyingi huniambia hawaoshi nyuso kwa sababu maji hayatoshi. Jaribuni kwa kibuyu chirizi: toboa kidumu kwa msumari, kining'inize, na utaona lita 1 inavyoosha nyuso za watoto wengi, si mmoja. Kila mmoja na kitambaa chake. Kisha waleteni tuwageuze kope tuone.

Baba yangu mdogo ameungua mkono akizima moto wa shamba. Walimpaka dawa ya meno na yai. Walikosea?

Walikosea, japo kwa upendo. Dawa ya meno, yai, unga, mafuta ya kupikia na kinyesi cha ng'ombe (nimekiona) vinabakiza joto ndani ya nyama au vinaingiza vijidudu, pepopunda ikiwemo. Kinachotakiwa ni maji safi ya baridi ya kawaida, si ya barafu, kwa dakika 20. Maji yakiwa haba, weka beseni chini ya mkono, mimina kwa kikombe, chota yaleyale umimine tena. Vua pete na saa kabla mkono haujavimba. Malengelenge usitoboe. Funika kwa kitambaa safi kisichobanduka na nyuzi.

Apelekwe hospitali kama ameungua uso, viganja au sehemu za siri, au eneo kubwa kuliko kiganja chake. Na kuna mgonjwa mmoja anayenitisha kuliko wote: aliyetoka kwenye moto hana jeraha, anacheka, ila sauti imekwaruza na puani mna masizi. Koo la mtu huyo linaweza kuvimba saa kadhaa baadaye na kuziba. Mpelekeni akiwa bado anatembea.

Nina mabua shambani. Nikichoma mapema, kabla ya upepo mkubwa, kuna ubaya kiafya?

Mwaka wa ukame mabua ya mtama na uwele ni chakula cha ng'ombe, na kuna jirani atakayeyanunua, kwa hiyo fikiri mara mbili. Ukiwa huna budi, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali, kwa hiyo anzia kwa mtendaji wa kijiji. Waambie nyumba zenye wagonjwa wa pumu siku moja kabla. Safisha barabara ya moto kuzunguka shamba hadi udongo uonekane. Choma upepo umetulia, na kamwe si kati ya saa 6 mchana na saa 11 jioni, muda ambao jua na upepo vinashirikiana. Uwe na watu, matawi mabichi na maji. Ukikuponyoka, piga 114 zimamoto kabla hujaanza kukimbiza ndimi za moto peke yako.

Ukishazima, usiende nyumbani moja kwa moja. Visiki hufuka ndani kwa ndani hadi upepo wa kesho. Pitia kimoja kimoja, sogeza mgongo wa mkono karibu na majivu bila kuyagusa. Ukihisi joto, fukia udongo, uite wenzako, na mlale hapo.