Mgandamizo hasi ndani ya hema la kuoteshea mimea

Anayefunga hema la kuoteshea mimea, yaani kibanda cha kitambaa kinachosimamishwa ndani ya chumba ili mimea ikue humo chini ya taa, kwa mara ya kwanza hufika mahali ambapo fremu imesimama, kitambaa kimevishwa, taa na feni vimening'inizwa, na kilichobaki ni kuwasha umeme. Na mara anapowasha, kuta zilizokuwa zimenyooka zinabonyea kuelekea ndani. Akiuliza kulikoni, huambiwa kwamba huo ni mgandamizo hasi na kwamba asiwe na wasiwasi, kwa sababu ni dalili njema. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini limerudiwarudiwa bila maelezo hadi sasa wapo wanaojisifu kwamba mahema yao yana mgandamizo hasi mkali, kana kwamba ukali huo ni kipimo cha hewa safi inayoifikia mimea.

Maana yenyewe haihitaji nafasi kubwa. Mgandamizo hasi, ambao vitabu vya fizikia huuita kanieneo hasi, ni hali ya hewa iliyo ndani ya nafasi fulani kuwa na mgandamizo mdogo kuliko hewa inayoizunguka nafasi hiyo. Katika hema huletwa na feni ya kutolea hewa, ambayo hufungwa juu, ikavuta hewa ya ndani kupitia chujio la mkaa na kuitoa nje kwa bomba. Hewa mpya huingia yenyewe, bila feni ya pili, kupitia madirisha ya wavu yaliyo karibu na sakafu.

Uhasi huo unatokana na mahali tulipoamua kuweka sifuri, yaani kwenye hewa ya chumba, na si kwenye kutokuwapo kwa hewa. Mgandamizo hupimwa kwa paskali, na usawa wa bahari una mgandamizo wa wastani wa paskali 101,325. Hema ambalo ndani yake pamepungua paskali 10 bado lina paskali 101,315, tofauti ambayo haifiki hata sehemu moja katika elfu kumi. Mtu akipanda ngazi kutoka ghorofa moja hadi nyingine, mita tatu hivi, anapita kwenye upungufu wa paskali kama 36, na hakuna anayewahi kulalamika kwamba huko juu amekuta ombwe. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba feni imeacha ombwe ndani ya hema, au kwamba miche inakosa pumzi kwa sababu hewa yote imenyonywa, wanazungumzia kitu ambacho feni ya aina hiyo haina nguvu ya kukifanya.

Kama tofauti ni ndogo kiasi hicho, mbona kuta zinabonyea? Jibu liko kwenye ukubwa wa ukuta. Ukuta wa hema lenye upana wa sentimita 120 na kimo cha sentimita 200 una eneo la mita za mraba 2.4, na paskali 10 zikisukuma eneo hilo zima hutoa nguvu ya nyutoni 24, sawa na uzito wa kilo mbili na nusu hivi uliotandazwa juu ya kitambaa cha poliesta ambacho katikati hakijashikiliwa na chochote. Kitambaa hakina budi kubonyea. Hii ndiyo sababu wakati wa kufunga fremu kila nguzo inapaswa kusukumwa ndani ya kiungo cha pembeni hadi mwisho kabla ya kuvisha kitambaa, kwa kuwa kuta zitakuwa zikizivuta nguzo kuelekea katikati saa zote feni inapofanya kazi, na nguzo iliyoingia nusu ndiyo itakayochomoka kwanza.

Faida ya hali hii ni moja, nayo ni kuamua hewa inaelekea wapi. Hema halizibi kikamilifu: zipu inapitisha hewa, matundu ya sindano kwenye mishono yanapitisha hewa, na matundu ya kupitishia nyaya na mabomba, hata yakikazwa kamba zake, yanaacha upenyo. Mgandamizo wa ndani ukiwa mdogo kuliko wa nje, kila upenyo unakuwa njia ya kuingilia, na hewa yote inayotoka inalazimika kupita kwenye chujio, hivyo harufu na unyevu haviponyoki kwenda chumbani. Vyumba vya hospitali vya kuwatenga wagonjwa wa kifua kikuu hutumia kanuni hiyohiyo ili hewa ya ukumbini iingie chumbani na ya chumbani isitoke kwenda ukumbini. Miongozo ya Marekani kuhusu vyumba hivyo inataka tofauti isiyopungua paskali 2.5 tu. Kisha, katika sharti la peke yake, inataka hewa ya chumba kipya ibadilishwe angalau mara 12 kwa saa. Waandishi wa miongozo hiyo hawakuweka masharti mawili kwa kupenda kurefusha maneno; walijua kwamba la kwanza halileti la pili.

Hapo ndipo penye mkanganyiko. Mgandamizo hasi unaeleza uelekeo wa hewa, wala hauelezi kiasi cha hewa inayopita. Anayetaka kuona jinsi mambo haya mawili yanavyoweza kwenda kinyume afunge zipu zote, ateremshe vifuniko vya madirisha yote ya wavu, akaze kamba za matundu yote, kisha awashe feni kwa kasi yake ya juu. Kuta zitabonyea kuliko wakati mwingine wowote, na mgandamizo hasi utakuwa umefikia kilele chake. Lakini hewa inayotoka kwenye bomba itakuwa imepungua, kwa sababu feni haiwezi kutoa isichoingiziwa. Feni za aina hii hupoteza uwezo kadiri kizuizi kinavyoongezeka, na tarakimu iliyochapishwa kwenye boksi kwa kawaida ni ya feni isiyo na chujio, bomba wala kona mbele yake.

Sasa afungue dirisha moja la wavu. Kuta zinalegea, na mtu aliyezoea kusifu ukali atadhani ameharibu kitu. Ukweli ni kwamba kwa kiasi kilekile cha hewa, ukiongeza mara mbili eneo la kuingilia, tofauti ya mgandamizo inayohitajika kuipitisha hushuka hadi robo. Feni, ikiwa imepunguziwa mzigo, inapitisha hewa nyingi zaidi kuliko mwanzo. Mgandamizo hasi umepungua na hewa imeongezeka kwa tendo lilelile moja, jambo ambalo haliwezi kueleweka na mtu anayeamini kwamba maneno hayo mawili yana maana moja.

Tofauti hii si ya kinadharia, kwa kuwa joto la hema linategemea kiasi cha hewa na halijali kuta zimebonyea namna gani. Hema la sentimita 120 kwa 120 lenye kimo cha sentimita 200 lina ujazo wa mita za ujazo 2.88. Ili hewa yake ibadilike mara moja kwa dakika, kiwango ambacho wengi hukitumia kama mwanzo wa hesabu, zinahitajika mita za ujazo 173 kwa saa. Taa ya wati 240 mwishowe hugeuza karibu umeme wake wote kuwa joto ndani ya hema, na mkondo wa hewa wa kiasi hicho huliondoa joto hilo kwa gharama ya kuwa na nyuzi nne hivi za Selsiasi juu ya joto la chumba. Nusu ya mkondo huo ikikatika kwa sababu madirisha yamefungwa, nyuzi nne zinakuwa nane, na hapo majani huanza kujikunja huku mwenye hema akiwa ametulia kwamba mgandamizo wake ni mzuri. Hewa ya ukaa nayo hufuata mkondo uleule: hewa ya kawaida ina sehemu zake takribani 420 katika milioni, na mimea iliyofungiwa chini ya taa kali huimaliza akiba hiyo ndogo haraka isipoletewa nyingine.

Kuna mengine madogo yanayoingizwa kwenye neno hili bila kustahili. Feni ndogo ya kubana kwenye nguzo, inayotikisa majani na kuvunja utando wa hewa tulivu juu yake, ni ya lazima kwa njia yake, ila haiongezi wala haipunguzi mgandamizo wa hema, kwa kuwa inazungusha hewa ileile. Vilevile hema ambalo bomba lake linatoa hewa ndani ya chumba hichohicho linaweza kuwa na mgandamizo hasi usio na kasoro huku likirudishiwa joto lake lenyewe kupitia madirisha ya chini.

Tena si kweli kwamba hasi ni nzuri na chanya ni mbaya. Ukiongeza feni ya kuingizia hewa yenye nguvu kuliko ile ya kutolea, kuta zinatuna kwenda nje na harufu inatoka kwenye kila zipu, jambo lisilotakiwa katika hema la mimea. Lakini wanaopandikiza mbegu za uyoga hutafuta hasa hali hiyo: husukuma hewa iliyochujwa kuelekea mahali wanapofanyia kazi, ili kila upenyo uwe wa kutokea na vijimbegu vya ukungu visipate njia ya kuingia. Alama inategemea ni kitu gani unataka kukizuia, na kiko upande gani.

Kupima nako hakuhitaji chombo. Zipu ya mlango hufunguliwa upana wa kidole, ukanda wa karatasi laini ya chooni ukashikiliwa mbele ya mwanya huo. Ukanda huo ukiegemea ndani, uelekeo umeshapatikana, na hakuna zaidi cha kudai kutoka kwa mgandamizo hasi. Baada ya hapo madirisha ya wavu hufunguliwa kidogo kidogo, na zipu ikifungwa kila mara kabla ya kutazama kuta, mpaka zibaki na mbonyeo mdogo tu huku karatasi ikiendelea kuegemea upande uleule inapojaribiwa tena. Kipimajoto kikionyesha bado kuna joto baada ya hapo, tatizo ni la ukubwa wa feni, urefu wa bomba na kona zake, au joto la chumba chenyewe, na kuziba matundu zaidi hakutalitatua.

Kwa hiyo anayetangaza kwamba hema lake jipya lina mgandamizo hasi mkali, akionyesha nguzo zilizopinda na kuta zinazokaribia kugusa majani, angeusogelea ukweli zaidi kama angesema kwamba feni yake inahangaika kupata hewa ya kutoa. Huenda dirisha moja la wavu, nyuma kule chini asikokufikia kwa urahisi, bado lina kifuniko chake kilichonatishwa tangu hema lilipotoka kwenye boksi.