Je, wajua kwa nini mchezaji mmoja wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, alichezea timu 13?

Ish Smith aliingia NBA mwaka 2010 bila kuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti, yaani hafla ya kila mwaka ambapo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Oktoba 2022, alipoingia uwanjani na jezi ya Denver Nuggets, akawa mchezaji wa kwanza katika historia ya ligi hiyo kuchezea timu 13. Ligi nzima ina timu 30. Kabla yake rekodi ilikuwa timu 12, nayo ilishikiliwa na wanne: Joe Smith, Jim Jackson, Tony Massenburg na Chucky Brown.

Wengi wakisikia hivyo husema papo hapo kwamba basi alikuwa dhaifu, kila timu ilimjaribu ikamchoka. Sivyo. Anayesema hivyo anahesabu milango aliyotokea Smith, anasahau kuhesabu ile aliyoingilia. Kila timu ina nafasi 15 tu za mikataba ya kawaida, na kila mwaka vijana wapya wanazigombea. Mchezaji asiyefaa huachwa mara mbili tatu, kisha hakuna anayemtafuta tena. Smith alicheza misimu 14. Ili uachwe mara nyingi kiasi hicho, lazima kwanza uhitajiwe mara nyingi kiasi hicho.

Hata wale wanne wa rekodi ya zamani wanaivunja hoja ya udhaifu. Joe Smith alikuwa chaguo la kwanza kabisa la drafti ya mwaka 1995, mwaka ambao Kevin Garnett alichaguliwa wa tano. Jim Jackson alikuwa wa nne mwaka 1992. Hao hawakuwa watu wa kuokotwa.

Tazama pia Desemba 2015. Philadelphia 76ers walikuwa wameshinda mchezo 1 na kupoteza 30. Walikuwa na vijana warefu, Nerlens Noel na Jahlil Okafor, lakini hawakuwa na mtu wa kuwafikishia mpira mahali na wakati unaofaa. Mkesha wa Krismasi wakawapa New Orleans Pelicans haki mbili za kuchagua katika raundi ya pili ya drafti ili wamrudishe Smith, aliyekuwa amewachezea mapema mwaka huohuo. Mchezo uliofuata, ugenini Phoenix, wakashinda. Msimu uliishia kwa ushindi 10 na vipigo 72, kwa hiyo hakuwa mwokozi. Lakini timu haitoi haki mbili za drafti kumpata mtu asiye na kazi.

Sasa, kama alihitajiwa, mbona hakukaa? Hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Aliyezoea soka anajua kwamba klabu huuza mchezaji kwa fedha, na mchezaji mwenyewe hukaa mezani kujadili mshahara wake mpya. NBA haiendi hivyo. Wachezaji hubadilishwa kwa wachezaji au kwa haki za drafti, na mkataba husafiri ulivyo, mshahara uleule, miaka ileile. Ukiacha vighairi vichache, mchezaji haombwi ridhaa. Anapigiwa simu, anafungasha.

Juu ya hilo kuna ukomo wa mishahara, ambao msimu wa 2023-24 ulikuwa takriban dola milioni 136 kwa timu. Timu iliyovuka ukomo inaruhusiwa kubadilishana wachezaji, ila mishahara inayoingia isizidi sana inayotoka. Ni kama mizani ya sokoni. Upande mmoja umeweka unachokitaka, upande wa pili unaongeza mawe mpaka mkono utulie. Tuseme timu isiyoruhusiwa kupokea zaidi ya inachotoa inamtaka nyota wa dola milioni 20, na inaye mtu wa milioni 16 wa kumtoa. Jiwe kubwa limeshawekwa, lakini mizani bado imeinama. Inatafutwa milioni 4 nyingine: mchezaji wa akiba, mwenye mkataba mfupi, ambaye huko aendako hatakuwa mzigo. Hakuna aliyemkosea wala aliyemchukia. Mshahara wake ndio uliolingana na pengo. Masharti hutofautiana kulingana na matumizi ya timu, na makubaliano ya mwaka 2023 kati ya ligi na chama cha wachezaji yameyabana zaidi kwa zile zinazotumia fedha nyingi kupita kiasi.

Februari 2008 Joe Smith alihamia Cleveland katika biashara ya timu tatu iliyohusisha wachezaji 11. Kwenye rundo la namna hiyo, wachache ndio wanaotafutwa hasa. Wengine wamo ili hesabu ikubali.

Ish Smith alionja hayo msimu wake wa kwanza, na katika biashara hiyo alikuwemo Mtanzania. Februari 2011, Houston Rockets walimpeleka Memphis pamoja na Shane Battier, wakapokea DeMarre Carroll, haki ya raundi ya kwanza ya drafti, na Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, aliyekuwa chaguo la pili la drafti ya 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Memphis walimtaka Battier, na miezi miwili baadaye Battier alifunga kikapu cha pointi tatu kilichowapa ushindi wa mchezo wa kwanza wa mtoano dhidi ya San Antonio Spurs. Smith alikwenda kwa sababu Battier alikwenda.

Si kila safari yake ilitokana na mizani. Kuna mara aliachwa tu, kama Washington walivyofanya Oktoba 2015, siku chache kabla ya msimu kuanza. Lakini Washington haohao walimsajili tena mwaka 2019. Mwaka 2022 wakamtoa kwenda Denver pamoja na Kentavious Caldwell-Pope, na Juni 2023 akawa bingwa wa NBA.

Upo mlango wa kukwepa mizani hiyo: kipengele cha mkataba kinachompa mchezaji haki ya kukataa kuhamishwa. Ili akidai, awe amecheza ligi hiyo angalau miaka 8, na 4 kati ya hiyo iwe kwenye timu anayosaini nayo. Kituo alichokaa Smith muda mrefu zaidi bila kuondoka ni Detroit. Alikaa misimu 3.