Visa ya 186 ikikataliwa, je, baraza la rufaa litakuhurumia?
Wahamiaji wengi Australia huamini kwamba visa ya kudumu ya kudhaminiwa na mwajiri, ile 186, ikikataliwa, baraza la rufaa litatazama bidii yako na watoto walio shuleni, basi likuonee huruma. Imani hiyo inaeleweka. Baraza hupima kesi upya, hata kwa ushahidi mpya, ila limefungwa na sheria ileile.

Na maombi ni mawili: la mwajiri kuteua nafasi ya kazi utakayoshika, na lako la visa. La mwajiri likikataliwa naye asikate rufaa, lako halina pa kushika. Mwajiri mpya haliokoi, mnaanza upya.

Fungua barua ya kukataliwa, tafuta kifungu. Ukikuta 186.223 au 186.233, tatizo liko kwenye uteuzi. Maamuzi mengi ya kesi kama hizo husomeka mtandaoni bure.